Google Postmaster Tools kwa ofisi ndogo ya Nairobi: inachoonyesha na inachonyamazia

Kazi yangu ni kuwafikishia wanachama wa sacco barua pepe zao. Tuko Moi Avenue, na wateja wetu ni vyama vya akiba na mikopo vya ukubwa wa kadiri: walimu, wauguzi, madereva, wafanyakazi wa viwandani. Wengi hufunga vitabu Desemba, na sheria ya ushirika inataka mkutano mkuu ufanyike ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa fedha kwisha, kwa hiyo kuanzia Januari hadi Aprili hatupumui. Ilani ya mkutano, hesabu zilizokaguliwa, pendekezo la gawio, fomu za kugombea nafasi kwenye kamati, vyote vinapita kwa barua pepe. Ilani ikiangukia kwenye folda ya barua taka, mwanachama anapitwa na kura juu ya pesa zake mwenyewe bila hata kujua kwamba kulikuwa na kura. Hicho ndicho kipimo ninachoiwekea Postmaster Tools ya Google: je, inanisaidia kujua ilani imemfikia mtu?

Huduma hii ilitoka mwaka 2015 na ni ya bure. Inamwonyesha mwenye domeni, yaani mwenye lile jina linalofuata alama ya @, jinsi Gmail inavyozipokea barua zinazotumwa kwa jina hilo. Haitumi barua, na haikutoi kwenye folda ya taka. Inakupa vipimo tu, na vipimo vyenyewe ni vya akaunti za binafsi za Gmail peke yake. Lakini simu nyingi za Android huja na Gmail ndani, na hapa kwetu Android ndiyo simu ya watu wengi, kwa hiyo sehemu kubwa ya orodha yoyote ninayokabidhiwa na katibu wa sacco huwa ni ya Gmail.

Kwa nini domeni, na si seva? Zamani waliopambana na barua taka waliangalia zaidi anwani ya IP, yaani namba ya mtandaoni ya mashine iliyotuma. Orodha ya kwanza ya kuzuia anwani hizo ilianzishwa mwaka 1997 na Paul Vixie na wenzake, na Spamhaus, shirika linaloorodhesha watuma taka, likafuata mwaka 1998. Njia hiyo bado inatumika, lakini ofisi kama za wateja wangu hazina seva zao. Zinakodi nafasi kwenye seva moja na tovuti nyingine nyingi ambazo hawazijui, na mpangaji mmoja akituma uchafu, IP inachafuka kwa wote. Mwaka 2007 DKIM ikachapishwa kuwa kiwango, barua ikaanza kubeba sahihi ya domeni iliyoituma, na taratibu sifa ikashikamana na jina. Siku hizi ukihama kampuni ya seva, jina lako linahama na historia yake yote. Ni kama daftari la mkopo la duka la mtaani: mwenye duka haangalii umevaa nini leo, anafungua ukurasa wako aone mwezi uliopita ulilipaje.

Kujiandikisha, kwa maelezo ya Google, ni jambo la dakika chache. Unaingia kwa akaunti ya Google, unaandika domeni, unapewa mstari unaoanza na google-site-verification=, unauweka kwenye DNS, yaani daftari la mtandaoni linaloshika kumbukumbu za domeni yako, kama rekodi ya TXT (mstari wa maandishi), kisha unabofya kuthibitisha. Hapo kwenye DNS ndipo kazi inapolala. Kwa sacco nyingi, nenosiri la DNS liko kwa kijana aliyetengeneza tovuti miaka mingi iliyopita. Katibu anakupa namba yake, unapiga, mteja hapatikani. Anakupa ya pili, hapatikani. Kamati iliyomlipa ilishaondoka, faili ya mkataba haina jina la aliyesajili domeni, na ada ya kila mwaka imekuwa ikilipwa tu kwa M-Pesa kila ujumbe wa kukumbusha unapoingia. Kama domeni yako ni ya .ke, anza kwa msajili aliyeiuza, ambaye anapaswa kuwa na idhini ya KENIC, wasimamizi wa majina ya .ke, na umalize suala la umiliki kabla hujagusa kitu kingine chochote. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu chama kisichoweza kufungua DNS yake hakiwezi kulilinda jina lake, haidhuru kina huduma gani.

Ukishathibitisha, unaweza kuwaongeza watu wengine waone takwimu bila kuwapa nenosiri. Mimi hukataa kuwa mwenye akaunti. Akaunti iwe ya chama, mimi niongezwe kama mtu wa kazi, na siku mkataba wetu ukiisha waniondoe kwa kubofya mara moja.

Kuna mtego mmoja ambao maelezo ya kuanzia hayausisitizi inavyostahili. Unathibitisha domeni, unatuma ilani, unasubiri siku kadhaa kwa kuwa takwimu haziji papo hapo, unarudi, na ukurasa ni mtupu. Sababu moja ni idadi: Google haionyeshi kitu kwa mtumaji mdogo, mpaka barua za siku zifikie mamia, na hilo ni kwa ajili ya kulinda faragha ya wapokeaji. Sababu ya pili ni sahihi. Takwimu zinahesabiwa kwa domeni iliyotia sahihi, si kwa jina unaloliona kwenye sehemu ya mtumaji. Fungua barua yako moja iliyofika kwenye Gmail, kwa kompyuta si kwa simu, uchague kuiona katika hali yake ghafi, kisha utafute mstari wa DKIM-Signature. Ndani yake utakuta d= na jina baada yake. Jina hilo likiwa la kampuni inayokutumia barua badala ya lako, basi sifa njema yote unayojenga kwa kuandika vizuri na kutuma kwa wakati inaandikwa kwenye kitabu cha mtu mwingine. Nimekuta vyama vilivyotuma hivyo kwa miaka. Dawa yake ni kuiomba kampuni hiyo ikupe ufunguo wa DKIM wa domeni yako, uuweke kwenye DNS, na kampuni yoyote inayojua kazi itakupa.

Sasa kipimo chenyewe kinachonifanya niifungue huduma hii kila asubuhi wakati wa msimu: kiwango cha malalamiko. Ni asilimia ya watu ambao barua iliwafikia kwenye kikasha wakabonyeza kwamba ni taka. Google inataka kiwe chini ya asilimia 0.1, na kisifike kamwe asilimia 0.3. Ukizisoma hivyo hivyo, namba hizo hazimtishi mtu, kwa hiyo huwa nazigeuza kuwa watu ninapozungumza na kamati. Ilani imefika kwenye vikasha 4,000 vya Gmail. Asilimia 0.1 ya hao ni watu 4. Asilimia 0.3 ni watu 12. Watu kumi na wawili waliokasirika, au ambao hawakumbuki waliwahi kuacha anwani yao kwenu, wanatosha kuliweka jina la chama kizima mahali pabaya. Mwenyekiti mmoja aliposikia hivyo alinyamaza, kisha akauliza, "Kumi na wawili tu?" Nikamwambia ndiyo, Mwenyekiti, kumi na wawili tu. Tangu siku hiyo hakuna anayeongeza majina kwenye orodha ya chama hicho bila idhini yake.

Masharti haya Google na Yahoo waliyatangaza Oktoba 2023, na yakaanza kufanya kazi Februari 2024. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake), DKIM na DMARC (agizo la nini kifanywe barua ikishindwa ukaguzi), aweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja kwenye barua za matangazo, na aliyejiondoa aondolewe ndani ya siku mbili. Sacco ya kadiri inaweza kudhani haihusiki kwa kuwa siku nyingi inatuma barua chache sana. Ihesabiwe siku ya ilani ya mkutano mkuu pamoja na taarifa za akaunti za mwisho wa mwaka. Google inajumlisha barua zote za domeni kuu moja, na mtumaji akifikisha 5,000 hata mara moja anahesabiwa mtumaji mkubwa daima.

Nieleze nilivyoona kipimo hiki kikifanya kazi. Sacco moja ilitujia msimu ukiwa umeshaanza, baada ya wanachama kulalamika hawapati chochote. Nilipokea simu ya mwalimu mstaafu anayekaa Umoja, mwanachama tangu enzi za vitabu vya akiba vya kuandikwa kwa mkono. "Binti yangu," akaniambia, "nimefungua simu asubuhi na jioni. Mkutano umekuja na mimi sijaitwa. Mmenifuta?" Nikamwomba mwalimu afungue mistari mitatu ya juu kwenye Gmail, ateremke hadi kwenye barua taka. Nilimsikia akisoma vichwa vya habari taratibu: bahati nasibu, dawa, bahati nasibu, halafu ilani ya chama chake, ikifuatwa na hesabu za mwaka. Hakucheka, na mimi sikucheka. Mtu aliyewekeza mshahara wake maisha yake yote alikuwa ameona jina la chama chake limepangwa pamoja na matapeli.

Tulipowasha Postmaster Tools, jibu lilikuwa kwenye grafu. Miezi michache kabla, chama kilikuwa kimeajiri kampuni ya matangazo iinadi aina mpya ya mkopo. Kampuni hiyo ilitumia domeni ile ile ya ilani, na orodha yake ilikuwa na watu ambao hawajawahi kuwa wanachama. Mstari wa malalamiko ulikuwa umepanda zaidi ya asilimia 0.3 na kukaa huko siku za matangazo. Achilia mbali kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hairuhusu kumtangazia mtu biashara hivyo bila idhini yake. Hata kama ingeruhusu, chama kilikuwa kimetumia heshima ya ilani zake kulipia tangazo.

Tulisimamisha matangazo yote. Tukazitengea barua za biashara domeni ndogo, yaani tawi la jina lile lile, mbali na ile ya ilani na taarifa za akaunti. Tukaanza kuwatumia kwanza wanachama waliokuwa wamefungua barua siku za karibuni, halafu wengine kwa makundi. Hapa inafaa kujua kanuni moja ya Google: domeni ikiwa juu ya asilimia 0.3 haiwezi kuomba msaada wa kurekebishiwa, na inastahili tena pale tu inapokaa chini ya kiwango hicho siku 7 mfululizo. Grafu ilinisaidia kuzihesabu hizo siku. Kabla ya mkutano kila aliyekuwa na Gmail alipigiwa simu na kutumiwa ilani kwa SMS, kwa gharama ambayo kamati haikuipenda, lakini sikuona njia nyingine ya haki.

Na sasa kinachonisumbua kuhusu grafu hiyo hiyo. Malalamiko yanahesabiwa kati ya barua zilizofika kwenye kikasha. Kama nyingi zimeshapelekwa moja kwa moja kwenye taka, hakuna anayeziona, na asiyeziona hawezi kuzilalamikia. Mstari unashuka. Unatulia karibu na sifuri. Ofisa mgeni anaufungua, anaona umetulia, anaandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba mambo ni shwari, ilhali wanachama hawajapata kitu. Google yenyewe inalieleza hili kwenye kurasa zake za msaada, lakini si pale kwenye grafu ambapo mtu analihitaji. Onyo la mstari mmoja chini ya mchoro lingetosha. Mimi hulinganisha grafu na vitu viwili: idadi ya waliofungua viungo vya ndani ya ilani, na anwani za majaribio tunazowapa wafanyakazi wenzetu waziangalie kwa macho yao. Mstari ukishuka na viungo navyo vikaacha kubofywa, hiyo ni dalili ya ugonjwa.

Toleo la zamani lilikuwa na kitu kilichopunguza hatari hiyo. Kulikuwa na ukurasa wa sifa ya domeni wenye daraja nne: Juu, Wastani, Chini, Mbaya. Kila siku ilipewa rangi yake. Mwaka 2025 Google ilitangaza kwamba toleo hilo linaondolewa, na kwamba kurasa za sifa ya domeni na sifa ya IP hazitakuwamo kwenye toleo jipya. Wapo wataalamu wanaosema si hasara, maana daraja zile zilikuwa pana mno na hazikueleza sababu ya kupanda wala kushuka. Kweli hazikueleza. Lakini mimi naona ni hasara, na kubwa, kwa watu wa aina ya wateja wangu. Mhasibu wa sacco hasomi vichwa vya DKIM. Mwenyekiti hana muda na asilimia za desimali. Neno "Mbaya" lenye rangi nyekundu walilielewa wote mezani, na lilitosha kumzuia mtu wa masoko aliyekuwa ameshika orodha ya kununua.

Kilichobaki mahali pake ni ukurasa wa utimizaji wa masharti. Unaorodhesha SPF na DKIM, ulinganifu wa jina la mtumaji, DMARC, usimbaji wa TLS (unaofunga barua isisomwe njiani), rekodi za DNS za seva, kiwango cha malalamiko, na njia ya kujiondoa, na kila kimoja kinaandikiwa ama kimetimizwa ama kinahitaji kazi. Ni ukurasa mzuri. Unasomeka vizuri kuliko chochote kilichokuwapo kabla, na ni mahali pa kwanza ninapomwelekeza mtu. Ulinionyesha, kwa mfano, sacco ambayo SPF yake ilikuwa inashindwa bila mtu kujua. Nilipofungua DNS nikakuta mistari miwili, yote ikianza na v=spf1. Mmoja aliuweka mtengeneza tovuti, wa pili uliwekwa baadaye na waliofunga programu ya uhasibu, ambao hawakuangalia kama kuna mwingine. Kila mstari ukiusoma peke yake hauna kosa. Miwili ikikaa pamoja, kanuni za SPF zenyewe zinasema ni makosa ya kudumu, na ukaguzi unafeli. Tuliiunganisha kuwa mmoja, tukahakikisha hauzidi maulizo 10 ya DNS ambayo SPF inaruhusu, basi.

Lakini kutimiza masharti si kuaminiwa. Hili ndilo ninalotaka kila kamati ilielewe inapouona ukurasa ule umejaa alama za kijani. SPF, DKIM na DMARC zinathibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina. Hazisemi mwenye jina ni mtu wa namna gani. Tapeli anayejua kazi yake anaweka zote tatu kwa usahihi, tena mara nyingi kuliko vyama halali. Sifa ilikuwa sehemu ya pili ya jibu: huyu aliyethibitishwa ametenda vipi siku zilizopita? Gmail bado inalitunza jibu hilo na bado inalitumia kila inapoamua kikasha au taka. Imeacha kumwonyesha mwenyewe. Mtumaji amebakishiwa kitambulisho chake na hesabu ya waliomlalamikia, ahitimishe mwenyewe.

Wapo pia wanaoifungua huduma hii wakitafuta kitu isichokuwa nacho. Mweka hazina wa chama kimoja aliniita: "Madam, hebu iangalie hii ankara kwa ile kitu yako ya Google, ni ya kweli?" Postmaster Tools haiwezi. Inakuonyesha domeni uliyoithibitisha wewe, na haikuambii neno juu ya ya mtu mwingine. Nilikaa naye tukaifanya kwa njia nyingine, nayo naieleza kwa kuwa wengi wanaihitaji zaidi kuliko grafu zangu. Barua katika hali yake ghafi ilionyesha SPF, DKIM na DMARC zote zimepita. Tukasoma domeni herufi kwa herufi, na ilikuwa na herufi moja zaidi ya ile ya msambazaji wao wa karatasi. Tukaitafuta kwenye WHOIS, daftari la wazi la usajili wa domeni: imesajiliwa siku za karibuni tu, wakati msambazaji amekuwa nao miaka. Jina changa halina historia, na hakuna hata orodha ya kuzuia itakayokuwa imelinasa. Spamhaus wana ukurasa wa bure wa kuangalia kama domeni imo kwenye orodha yao, na nautumia, lakini jina lisipokuwamo maana yake ni kwamba halijulikani kwa ubaya, basi. Ankara ilitaka malipo yaende akaunti mpya ya benki. Mweka hazina alimpigia msambazaji kwa namba iliyokuwa kwenye daftari lake, si ile ya kwenye barua, na msambazaji hakuwa na habari.

Upande huo huo, sehemu ya mwisho ya jina inasaidia kidogo kwa baadhi ya domeni. .go.ke ni ya taasisi za serikali na .ac.ke ni ya vyuo, kwa hiyo hazinunuliwi na yeyote anayepita. .co.ke inauzwa kwa anayelipa. Ajira ya "wizara" inayotoka .co.ke, au inayotoka Gmail ya kawaida, isipewe hata namba ya kitambulisho.

Kuhusu kuzuia wengine wasilitumie jina lako, Postmaster Tools inakuambia tu kama DMARC ipo. Google inakubali hata mstari mfupi wa v=DMARC1; p=none, ambao hauzuii chochote. Nimekuta vyama vilivyoweka mstari huo ili alama iwe ya kijani, vikaishia hapo. Weka anwani ya kupokea ripoti, zisome kwa muda, uhakikishe programu zako zote halali zinatia sahihi, kisha upande hadi quarantine (barua za bandia ziende taka) na hatimaye reject (zikataliwe kabisa). Ripoti zenyewe zinakuja kama faili za XML zisizosomeka kwa urahisi, na huduma hii ya Google haizisomi kwa niaba yako. Hapo utahitaji chombo kingine au mtu.

Kwa ujumla wa matumizi: maneno yake ni ya mafundi, kwa hiyo katibu wa kawaida atahitaji kukaa na mtu mara ya kwanza. Ni nyepesi, inafunguka hata kwa bando la simu. Haijawahi kuniomba pesa. Haitumi tahadhari ya kutosha mambo yakiharibika, kwa hiyo lazima uwe na desturi ya kuifungua mwenyewe. Naipa nyota nne kati ya tano kwa chama chenye wanachama elfu moja au zaidi wa Gmail. Chama cha watu mia mbili kitaona kurasa tupu karibu mwaka mzima, na muda wake utumike vizuri zaidi kusafisha orodha ya anwani na kurekebisha SPF.

Na usisahau wasio na Gmail. Wazee wengi ninaowahudumia bado wana anwani za Yahoo walizofungua kwenye saiba, na hawana mpango wa kuzibadilisha. Yahoo wana Sender Hub, ambako ukisajili domeni yako unaletewa malalamiko ya wapokeaji wao. Microsoft wana SNDS, huduma yao ya vipimo, lakini hiyo inapima kwa IP, kwa hiyo kwa mpangaji wa seva ya pamoja haina msaada mkubwa. Nao walianza kudai SPF, DKIM na DMARC kwa watumaji wa barua zaidi ya 5,000 kwa siku mwezi Mei 2025. Sajili domeni yako kwa Google na kwa Yahoo mwezi Novemba, kabla msimu haujaanza, wakati bado kuna nafasi ya kumtafuta huyo kijana mwenye nenosiri la DNS.